Hifadhi Yote, Kisha Uombe Mungu: Majibu kwa Madai Saba

Kuna hoja inayozunguka miongoni mwa wanaojenga maduka ya mtandaoni, na bila shaka umeshaisikia. Ukurasa wa bidhaa ukiwa mzito, chukua bidhaa nzima pamoja na chaguo zake zote, yaani saizi, rangi, kitambaa, bei na idadi iliyobaki. Funga vyote furushi moja, uliweke kwenye akiba ya seva kwa saa moja, na duka litapaa. Hoja hii ina wafuasi wengi kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi kweli. Tatizo ni siku ya pili. Nimeipitia dai baada ya dai, na ninakuwekea mezani wewe msomaji uipime kama hakimu apimavyo ushahidi. Akiba yenyewe siipingi, maana duka lenye wateja wengi haliendi bila hiyo. Ninachopinga ni furushi.

Ili tusibishane hewani, tuchukue fulana moja: saizi 5, rangi 6, mikono mirefu au mifupi. Hiyo ni michanganyiko 60. Duka linaendeshwa kwa WooCommerce, programu inayokaa juu ya WordPress na inayotumiwa na maduka mengi madogo. Humo kila mchanganyiko una safu yake katika jedwali la wp_posts, na sifa zake zimetawanyika katika safu za jedwali jingine, wp_postmeta. Kwa mteja ni fulana moja. Kwa hifadhidata ni ukoo mzima. Mpaka hapo mimi na wenzetu hatuna ugomvi.

Dai la kwanza: ukurasa ni mzito kwa sababu hauna akiba.

Wanasema, na kwa haki yao nitalirudia dai lilivyo, kwamba kukusanya michanganyiko 60 kila mteja anapofungua ukurasa ni kazi kubwa, na kazi kubwa isirudiwe. Sehemu ya pili ni kweli. Sehemu ya kwanza haijathibitishwa. Fungua kumbukumbu za maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata na mara nyingi utakuta kitanzi katika programu kinachouliza: nipe mchanganyiko wa kwanza, nipe wa pili, nipe wa tatu, mpaka wa 60, na kwa kila mmoja swali jingine la sifa zake. Hayo ni maswali 120 kwa kazi ambayo maswali mawili yangeimaliza, moja la michanganyiko yote kwa orodha ya namba zake, jingine la sifa zote kwa orodha hiyo hiyo. Ukubwa wa kazi haukutoka kwenye data. Ulitoka kwa aliyeandika kitanzi. Ukifunika kitanzi hicho kwa akiba, bado kipo, na kila akiba inapokwisha muda yupo mteja anayekilipia kwa kusubiri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kitanzi kirekebishwe kwanza, kisha tupime upya kama akiba bado inahitajika, na ya kiasi gani.

Dai la pili: kumbukumbu ya seva ni rahisi, kwa hiyo hifadhi kila mchanganyiko kwa kila hali.

Kwa bei ya megabaiti, wana haki. Lakini tuhesabu kinachohifadhiwa. Duka letu linauza kwa shilingi ya Tanzania, shilingi ya Kenya na dola. Linasomeka kwa Kiswahili na Kiingereza. Lina bei ya rejareja na bei ya jumla. Tatu mara mbili mara mbili ni 12. Fulana ile ile sasa ina mafurushi 12, na kila furushi limebeba michanganyiko yote 60. Uza fulana moja nyekundu ya XL, na idadi iliyobaki imekuwa ya uongo mahali 12 kwa mpigo. Badilisha jina la rangi kutoka "Nyekundu" kuwa "Damu ya mzee", na umechafua kila furushi la Kiswahili la kila bidhaa yenye rangi hiyo, ingawa hakuna bei wala idadi iliyoguswa. Gharama hapa hailipwi kwa kumbukumbu. Inalipwa kwa nakala 12 za ukweli mmoja, kila moja ikingoja kusahihishwa.

Isitoshe, hata hiyo kumbukumbu ina mipaka yake. Memcached, programu ya akiba iliyoandikwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, kwa mpangilio wake wa kawaida haipokei kitu kinachozidi megabaiti 1. Furushi likinenepa kupita hapo linakataliwa, na programu isiyoangalia jibu inaendelea na safari ikidhani imehifadhi. Matokeo yake, bidhaa nzito kuliko zote, zile zilizosababisha mjadala huu, ndizo pekee zisizo na akiba. Shopify nayo, yenye mitambo ambayo hakuna duka dogo litakaloifikia, kwa miaka mingi iliwawekea wauzaji kikomo cha michanganyiko 100 kwa bidhaa kabla ya kukipandisha hadi takriban 2,000. Kama kumbukumbu rahisi ingekuwa jibu, wasingesubiri muda wote huo.

Dai la tatu: data ya chaguo haibadiliki mara kwa mara.

Hili ndilo tegemeo la hoja nzima, na linasimama juu ya kuchanganya vitu vitatu. Majina ya saizi na rangi hayabadiliki mara kwa mara. Hapo nakubali bila masharti. Bei hubadilika muuzaji anapotoa ofa, mzigo mpya unapoingia, au thamani ya dola inapopanda. Idadi iliyobaki hubadilika kila fulana inapouzwa. Wenzetu wamechukua umri wa kile kisichobadilika wakaupa kile kinachobadilika kila dakika, kwa sababu tu vyote vinaonekana kwenye ukurasa mmoja. Hata hiyo saa moja waliyoichagua haimfai yeyote. Kwa majina ni fupi mno: mara 24 kwa siku tunakokotoa upya kitu ambacho hakijaguswa tangu mwaka jana. Kwa idadi ni ndefu mno, maana katika saa hiyo mzigo unaweza kuisha na ukurasa ukaendelea kuutangaza.

Dai la nne: data ikibadilika, futa akiba yote.

Angalia lilipokaa dai hili. Dakika moja iliyopita tuliambiwa data haibadiliki. Sasa tunapewa kitufe cha kubonyeza inapobadilika, na kitufe chenyewe kimewekwa mahali ambapo kila mfanyakazi wa duka anakifikia. Mhusika wa bei anashusha fulana kutoka shilingi 25,000 hadi 20,000, anafungua ukurasa kwenye simu yake, anaona bado 25,000. Anabonyeza "futa akiba". Mwenzake anapandisha picha mpya, haioni, naye anabonyeza. Kufika saa nne asubuhi akiba imefutwa mara kadhaa, na kila mara bidhaa zote za duka zimepoteza kumbukumbu zao kwa sababu ya fulana moja. Kati ya madai haya mawili, moja lazima liondoke. Kama data haibadiliki, kitufe ni cha nini? Na kama inabadilika kiasi cha kuhitaji kitufe, saa moja ilipatikana wapi?

Jaribio la namna hii limeshafanywa kwa miaka mingi, na hukumu yake ipo. Hifadhidata ya MySQL ilikuwa na akiba ya majibu ya maswali iliyofuata mantiki hiyo hiyo: safu moja ikibadilika katika jedwali, majibu yote yaliyotokana na jedwali hilo yalitupwa. Kwa jedwali linaloandikwa mara kwa mara akiba hiyo ilikuwa mzigo kuliko msaada, na kwenye seva zenye shughuli nyingi maswali yalipanga foleni kusubiri kufuli lake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba itaachwa, na katika toleo la 8.0 la mwaka 2018 ikaondolewa kabisa. WooCommerce yenyewe kwa miaka mingi imeonyesha udhaifu wa jamii hiyo hiyo. Akiba yake ya bei za michanganyiko hukaguliwa kwa namba moja ya toleo inayotumiwa na bidhaa zote, kwa hiyo kubadilisha bidhaa moja kunazichachisha bei za bidhaa ambazo hazikuguswa. Ikiwa programu iliyokomaa hivyo inaumia kwa ufutaji mpana, wewe wa kitufe chekundu utapona kwa dawa gani?

Na kufuta kuna tukio lake la baadaye ambalo wenzetu hawaligusi. Tuseme ukurasa wa fulana unachukua sekunde 2 kukokotolewa, na siku ya ofa unafunguliwa mara 40 kwa sekunde. Akiba ikifutwa, kabla ombi la kwanza halijamaliza, maombi 80 yameshaanza kukokotoa kitu kile kile, na kwa kuwa yote yanaigombania hifadhidata moja, sekunde 2 zinakuwa 5, na maombi 80 yanazidi kuongezeka. Duka linaanguka katika dakika ambayo mwenye duka aliisubiri mwezi mzima. Mwaka 2013 wahandisi wa Facebook walichapisha maelezo ya jinsi walivyolizuia jambo hili kwenye Memcached: ufunguo, yaani jina ambalo kitu kimehifadhiwa chini yake, ukikosekana, kibali cha kukokotoa hupewa ombi moja, kwa kawaida kibali kimoja tu kila sekunde 10 kwa ufunguo huo, na mengine husubiri kidogo au hupokea jibu la zamani. Waraka wa RFC 5861 wa mwaka 2010 ulikuwa umeshaeleza jambo la karibu na hilo kwa kurasa za wavuti: toa jibu lililochacha huku jipya likitafutwa nyuma ya pazia. Maarifa haya yako wazi kwa kila mtu. Katika hoja ya furushi hayamo hata kwa mstari mmoja.

Dai la tano: weka Redis, mambo yatakwisha.

Redis, hifadhi inayoweka data kwenye kumbukumbu ya seva, ni chombo kizuri, na wanaoipendekeza wanasema kweli kwamba inajibu haraka kuliko hifadhidata inayosoma diski. Lakini ichunguze njia ya swali. Safari moja ya kwenda na kurudi kwenye seva jirani ni kama nusu milisekunde. Programu yenye kitanzi kile kile cha dai la kwanza, ikiuliza funguo 60 moja moja, inatumia milisekunde 30 barabarani kabla ya kufanya lolote. Redis ina amri ya MGET inayochukua funguo zote kwa safari moja. Lakini anayeitumia ni yule aliyeshajua kwamba kitanzi ndicho mgonjwa. Tena, Redis ikiwekewa kikomo cha kumbukumbu na kuachwa na mpangilio wake wa kawaida, ikijaa haiondoi vya zamani kupisha vipya. Inakataa kuandikiwa. Michanganyiko yako mara 12 itafika hapo mapema kuliko unavyodhani.

Kwa upande wa pili wapo wanaosema Redis haina haja, kwa kuwa WordPress inayo akiba yake ya muda. Inayo. Ila pasipo chombo cha nje kama Redis au Memcached, akiba hiyo inaandikwa katika jedwali la wp_options, ndani ya hifadhidata ile ile tuliyotaka kuipunguzia kazi. Hukumu ya dai hilo namwachia msomaji.

Dai la sita: bei na idadi ziingie kwenye furushi, uhakiki utafanyika wakati wa kulipa.

Hili ndilo dai lao lenye nguvu kuliko yote, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba uamuzi wa mwisho lazima ufanyike kwenye hifadhidata wakati wa kulipa, hata akiba iwe safi kiasi gani, kwa kuwa wateja wawili wanaweza kuigombea fulana ya mwisho katika sekunde moja. Lakini uhakiki huo unamlinda muuzaji asiuze asichonacho. Haumlindi mteja aliyechagua rangi, akachagua saizi, akajaza anuani na namba ya simu ya kulipia, ndipo akaambiwa fulana iliisha dakika 50 zilizopita. Wala haumlindi aliyeona 20,000 kwenye ukurasa akakuta 25,000 kwenye kikapu. Huyo hatasema akiba ilichacha. Atasema duka ni la kitapeli, na atawaambia wenzake.

Tena njia ya kuliepuka ilikuwa mikononi mwao. WooCommerce kwa kawaida huweka data ya michanganyiko yote ndani ya ukurasa pale tu isipozidi 30. Ikizidi, kama fulana yetu ya 60, ukurasa husubiri mteja achague, kisha huiuliza seva habari za mchanganyiko mmoja aliouchagua. Swali hilo ni dogo, linalenga namba moja, na ndilo mahali pa kusomea bei na idadi mbichi. Kuzifunga bei na idadi za michanganyiko 59 ambayo mteja hakuiuliza ni kubeba mzigo usio na mwenyewe.

Bei ina kesi yake ya ziada. Mteja wa jumla anafungua ukurasa mara tu baada ya akiba kufutwa. Furushi linafungwa likiwa na bei yake. Mteja wa rejareja anayefuata anaonyeshwa bei ya jumla. Hapo kilichokosewa ni ufunguo: bei imewekwa chini ya jina la bidhaa, wakati inategemea bidhaa na aina ya mteja. Wengine wakishtuka hukimbilia upande wa pili na kutia namba ya kila mteja kwenye ufunguo. Matokeo yake yanajulikana kwa waliowahi kufungua rekodi za wc_var_prices, yaani ile akiba ya bei za michanganyiko, kwenye duka lenye programu-jalizi inayompa kila mteja bei yake: rekodi moja ya bidhaa moja inaongezewa seti ya bei kwa kila mgeni, inavimba, na kuisoma kunagharimu zaidi ya kukokotoa. Ufunguo ubebe kile ambacho jibu linakitegemea, bila pungufu na bila ziada. Makundi mawili ya wateja yanahitaji funguo mbili; wateja 10,000 katika makundi hayo mawili bado wanahitaji funguo mbili.

Dai la saba: vipimo vimethibitisha.

Vipimo vyenyewe hufanywa hivi: fundi anafungua ukurasa mmoja, anaufungua tena, na tena, anaandika kwamba mara ya kwanza ulichukua milisekunde 1,200 na baada ya hapo 20. Ni kweli tupu. Ni kweli kuhusu ukurasa mmoja unaofunguliwa na mtu mmoja mfululizo, mteja ambaye hakuna duka linalomwona. Chukua namba zake mwenyewe, umpe na ukarimu wa akiba inayojibu mara 9 katika 10. Wastani unakuwa milisekunde 138, namba ya kupendeza kwenye taarifa ya mkutano, huku mteja mmoja kati ya kumi akisubiri zaidi ya sekunde. Sasa fungua ukurasa wa orodha wenye bidhaa 24, kila moja ikihitaji furushi lake. Uwezekano wa zote 24 kukutwa kwenye akiba ni 0.9 kuzidishwa kwa yenyewe mara 24, nayo ni karibu asilimia 8. Kurasa 92 kati ya 100 zitakutana na angalau bidhaa moja isiyokuwepo. Akiba ijibu mara 99 katika 100, na bado kurasa 21 kati ya 100 zitakwama mahali. Anayetaka kuthibitisha jambo apime muda wa wale asilimia 5 waliosubiri kuliko wote, siku ya ofa, dakika chache baada ya kufuta. Kipimo hicho wenzetu hawajakileta.

Basi tuyapange madai yote pamoja. La tatu linasema data haibadiliki, la nne linatoa kitufe cha kubonyeza inapobadilika, na la sita linakiri kwamba iliyomo haiaminiki mpaka wakati wa kulipa. La kwanza linalaumu hifadhidata kwa kitanzi cha programu, na la tano linakihamishia kitanzi hicho Redis. Hoja hizi zinapendeza zikisomwa mojamoja. Zikiitwa zote kutoa ushahidi siku moja, zinakanushana.

Mpangilio unaosimama hauna uchawi. Majina ya chaguo yahifadhiwe kwa lugha, kwa muda mrefu, mara moja kwa bidhaa zote zinazoyatumia, na yafutwe pale tu mtu anapoyahariri. Bei ihifadhiwe kwa bidhaa, sarafu na kundi la mteja, ikiwa na namba ya toleo ndani ya ufunguo, ili mhusika anapobadilisha bei ya fulana namba ya fulana hiyo ipande na nyingine zisiguswe. Idadi isomwe mbichi, kwa mchanganyiko mmoja aliouchagua mteja. Funguo zote ziombwe kwa safari moja, muda wake wa kuisha utofautiane kidogo zisife zote kwa pamoja, na ufunguo ukikosekana ombi moja tu likokotoe.

Kwa hiyo, wewe unayejenga duka, kabla hujaweka kitu chochote kwenye akiba, andika kwanza pembeni yake ni tukio gani litakalokibatilisha. Ukishindwa kulitaja, usikihifadhi.